Chanzo chenyewe mezani: kufundisha historia ya Tanzania kutoka Kilwa hadi Muungano

Muulize mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza vyanzo vya historia ni vipi, atakutajia bila kusita: masimulizi ya mdomo, maandishi, akiolojia, isimu, anthropolojia, maeneo ya kihistoria, makumbusho, nyaraka. Ukimpa nafasi ataongeza faida tatu na udhaifu wa kila kimoja. Sasa muulize ni kipi kati ya hivyo amewahi kukishika, kukisoma au kukisikiliza yeye mwenyewe. Wengi watanyamaza. Orodha wanayo kichwani, vitu vyenyewe hawajavitia machoni.

Tangu Januari 2024, mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutumika, shule za Tanzania zina somo la Historia ya Tanzania na Maadili, nalo linafundishwa kwa Kiswahili. Kwa mwalimu anayependa vyanzo, hii ni neema. Zipo barua, tenzi, magazeti, maazimio na masimulizi mengi ya nchi hii yaliyotoka kwa Kiswahili tangu mwanzo, na kwa miaka mingi mwanafunzi wa sekondari amekuwa akiyapata kwa muhtasari wa Kiingereza, kama amebahatika kuyapata. Kikwazo cha lugha kimepungua. Kinachobaki kigumu ni namna ya kuvitumia, kwa sababu kuna njia moja rahisi sana ya kukiharibu chanzo: kukileta darasani ili kithibitishe kile ambacho kitabu cha kiada kimeshasema. Hapo mwanafunzi hana la kufanya zaidi ya kukubali. Chanzo kinafanya kazi pale tu kinapomwachia mwanafunzi jambo la kuamua, na akatakiwa aonyeshe ameamua kwa kutegemea nini.

Tuanze na orodha yenyewe, maana imevuruga vichwa vingi. Ndani yake vimewekwa pamoja vitu vya aina tatu. Makumbusho na ofisi ya nyaraka ni mahali pa kutunzia vyanzo. Akiolojia na isimu ni taaluma, yaani njia za kuvichimbua na kuvichambua. Barua, sarafu, kaburi, wimbo na simulizi la bibi ndivyo vyanzo. Mwanafunzi akitenganisha mafungu haya matatu, nusu ya mkanganyiko imeondoka.

Nusu ya pili ni tofauti kati ya chanzo cha msingi na chanzo cha upili. Tumezoea kusema cha msingi ni kile kilichotoka kwa mtu aliyeshuhudia, cha upili ni kile kilichoandikwa baadaye na mtu mwingine. Maelezo hayo yanasaidia mwanzoni, lakini hayafiki mbali, kwa kuwa kitu kile kile hubadilika nafasi kulingana na swali unalokiuliza. Gavana Gustav Adolf von Götzen alichapisha kitabu chake kuhusu vita vya Maji Maji mwaka 1909, baada ya kurudi Ujerumani. Ukitaka kujua nini kilitokea Umatumbi, kusini mwa nchi, Julai 1905, vita ilipoanza kwa watu kung'oa pamba ya lazima, huyu hakuwepo shambani. Anasimulia aliyoletewa na watu wake. Ukitaka kujua mtawala alitaka Wajerumani wenzake waielewe vipi vita ile, kitabu chake ni ushahidi wa kwanza kabisa. Kwa hiyo mwalimu asiulize "hiki ni cha msingi au cha upili?" kabla ya kuuliza "swali letu leo ni lipi?"

Mahali pazuri pa kulionyesha jambo hili ni Kilwa, na ningependa kukaa hapo kwa muda, maana karibu kila mwanafunzi ameshasoma kwamba Kilwa ilijengwa na Washirazi na somo likaishia hapo.

Habari ya Washirazi imetoka katika Tarehe ya Kilwa, yaani kitabu cha historia ya mji huo na watawala wake, kilichoandikwa karne ya 16. Imetufikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni maandishi ya Kiarabu, ambayo nakala yake iliyonakiliwa Unguja karne ya 19 iko London. Ya pili ni muhtasari wa Kireno ndani ya kitabu cha João de Barros kilichochapwa mwaka 1552. Inasimulia mtawala na wanawe waliotoka Shiraz kwa majahazi saba, na jinsi mmoja wao alivyokinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote. Simulizi tamu, na darasa litaipenda. Ila kuna mstari ambao vitabu vya shule huuruka: kwa mujibu wa nakala ya Kiarabu, wageni hao walimkuta kisiwani Mwislamu mmoja na jamaa zake, na msikiti ulikuwapo. Yaani maandishi yale yale yanayotumiwa kusema Washirazi ndio walioanzisha mji yanakiri kwamba mji ulikuwa na watu na swala kabla yao. Mwachie mwanafunzi augundue mwenyewe mstari huo. Ukimwambia wewe kwanza, umemnyang'anya somo.

Kisha ulizeni pamoja: aliyeandika karne ya 16, baada ya Wareno kuupiga mji mwaka 1505, alikuwa na haja gani ya kusimulia asili ya utawala wa karne nyingi nyuma? Ukoo unaodai heshima hutaja chimbuko. Hilo halimaanishi anadanganya. Linamaanisha tarehe ya namna hii inatufundisha mambo mawili kwa pamoja: kumbukumbu ya zamani, na mahitaji ya watu wa wakati ilipoandikwa.

Shahidi wa pili ni Ibn Battuta, msafiri wa Morocco. Alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema, akaeleza ukarimu wa sultani Hasan bin Sulaiman. Huyu alikuwepo, aliona kwa macho yake, kwa hiyo darasa litamwamini haraka. Mpe mwanafunzi habari mbili zaidi. Kwanza, Ibn Battuta alisimulia safari zake huko Morocco zaidi ya miaka 20 baadaye, na aliyezipanga na kuziandika ni katibu wake Ibn Juzayy. Pili, maandishi yake yanasema nyumba za Kilwa zilikuwa za mbao, ilhali sultani yule yule alikuwa na kasri la mawe la Husuni Kubwa, ambalo magofu yake yapo hadi leo juu ya mwamba yakitazama bahari. Alisahau? Katibu alichanganya miji? Au nyumba za watu wengi kweli zilikuwa za miti na udongo, na mawe yalikuwa ya wachache? Kila jibu lina ushahidi wake, na mwanafunzi wa miaka 14 ana uwezo kamili wa kulijadili.

Sarafu ndizo shahidi wa tatu, na hapa ndipo darasa huona historia ikibadilika mbele yao. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu ndogo za shaba zenye majina yao na maneno ya kumtegemea Mungu, yaliyopangwa kwa vina. Hazina tarehe. Tarehe ya Kilwa inamweka mwanzilishi, Ali bin al-Hasan, karne ya 10. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa miaka ya 1960, aliangalia tabaka za udongo akamsogeza hadi karibu na mwaka 1200. Halafu mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, ikafukuliwa hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, zikiwamo zenye jina la Ali bin al-Hasan, zimezikwa pamoja na dinari za dhahabu za Wafatimi wa Misri. Dinari zile zina tarehe, na hakuna iliyozidi miaka ya 1060. Mtu aliyekuwa amewekwa mwaka 1200 akarudi nyuma hadi karne ya 11. Sarafu zisizo na tarehe zilipata umri wao kutoka kwa jirani zao kwenye shimo moja.

Na mambo hayajaishia hapo. Utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani katika miji ya pwani na jirani zake, Kilwa ikiwamo, ulichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023. Ulionyesha kwamba watu wengi katika miji hiyo walichanganya damu ya Kiafrika na ya Asia, mchanganyiko ukianza yapata mwaka 1000. Asili ya Asia ilikuwa zaidi ya Uajemi na ilipitia kwa wanaume, na asili ya Kiafrika ilipitia zaidi kwa wanawake. Kwa hiyo wazee waliosema "tuna asili ya Uajemi" hawakubuni. Lakini akina mama Waafrika, ambao damu yao imejaa katika miili hiyo, tarehe ya watawala haikuwaona kuwa watu wa kusimuliwa. Swali la nani ameachwa nje ya maandishi ni swali zito kuliko yote katika kusoma chanzo, na Kilwa inaliuliza vizuri kuliko mahali pengine popote ninapopajua.

Somo hili halihitaji safari ya Kilwa wala kompyuta. Andika sehemu fupi ya kila shahidi kwenye karatasi nne, chora sarafu ubaoni, gawa darasa kwa makundi manne, kila kundi na shahidi wake, kisha wakutane kubishana. Vipindi viwili vinatosha.

Baada ya Kilwa, chanzo ninachokipenda kuliko vyote kwa darasa la Kitanzania ni barua. Mwaka 1890 Hermann von Wissmann, kamishna wa Ujerumani aliyekuwa ameshayazima mapambano ya pwani yaliyoongozwa na Bushiri bin Salim, alimtaka Machemba, kiongozi wa Wayao kusini, ajisalimishe. Machemba alimjibu kwa barua ya Kiswahili. Alisema ameyasikia maneno yake lakini haoni sababu ya kumtii, heri afe kwanza. Kama anataka urafiki, yuko tayari leo na siku zote; kuwa chini yake, hapana. Kama anataka vita, yuko tayari pia. Hatamwangukia miguuni, kwa kuwa wote wawili ni viumbe wa Mungu. Mimi ni sultani wa nchi yangu, alimwambia, nawe ni sultani wa kwako, na mimi sikuambii unitii, maana najua u mtu huru. Barua inamalizia kwa kumwambia kwamba yeye haji, na kama Mjerumani ana nguvu, basi amfuate amchukue.

Somo la kawaida lingeishia kwa mwalimu kusema: "Mnaona, Machemba alikuwa shujaa aliyepinga ukoloni." Ni kweli, na ni hasara kubwa kuishia hapo. Soma barua tena kwa polepole. Mtu huyu anaweka hoja. Anaanza na urafiki kabla ya vita. Anatumia dini ambayo wote wawili wanaweza kuikubali, kwamba Mungu ni mmoja na aliwaumba wote. Anatumia usawa wa masultani, lugha ambayo dola zote za wakati ule zilielewa. Hasemi "sisi Waafrika" wala "sisi Watanganyika", kwa sababu hakukuwa na Tanganyika mwaka 1890. Anasema nchi yangu. Mwambie mwanafunzi apigie mstari kila mahali Machemba anapotoa sababu, kisha ahesabu sababu na vitisho kipi ni kingi. Atashangaa.

Kuna maswali ambayo barua haiyajibu, na ni lazima yaulizwe. Nani aliishika kalamu, Machemba mwenyewe au karani? Kwa nini kiongozi wa Wayao aliandika Kiswahili, na hilo linasema nini kuhusu misafara na biashara kati ya kusini na pwani kabla Mjerumani hajafika? Na kwa nini maneno yanayozunguka zaidi vitabuni leo ni tafsiri ya Kiingereza? Darasa linaposoma mstari mtamu, ni haki kuuliza umepitia mikono mingapi hadi kufika ubaoni. Mwisho kuna swali la baadaye: ilikuwaje? Machemba aliendelea kuwasumbua Wajerumani hadi mwaka 1899 alipovuka mpaka kuingia Msumbiji. Mwanafunzi aliyesoma barua kwanza atayapokea matukio hayo kwa namna tofauti kabisa na yule aliyepewa jina lake kwenye orodha ya "viongozi waliopinga".

Maji Maji ni mlima mwingine, na hapa mwalimu anakutana na tatizo kubwa la vyanzo vya nchi hii: sehemu kubwa ya maandishi iliandikwa na aliyeshinda. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa pale Dar es Salaam ina majalada ya utawala wa Kijerumani ambayo UNESCO iliyaingiza katika rejesta ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Ni hazina kweli kweli, lakini ni Kijerumani, mengine kwa mwandiko wa mkono ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kufundishwa. Na hata yakitafsiriwa, yanazungumza kwa sauti ya ofisi. Götzen anatilia mkazo ushirikina na uchochezi wa waganga. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyegawa dawa ya maji iliyoipa vita jina lake, akanyongwa Mohoro Agosti 1905, hakutuachia karatasi.

Lakini sauti nyingine zipo. Mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kusini kurekodi wazee waliokuwa wadogo au vijana wakati wa vita, kazi iliyohusishwa sana na majina ya Gilbert Gwassa na John Iliffe. Wazee walizungumzia mashamba ya pamba ya lazima yaliyoanza mwaka 1902, viboko vya maakida waliowatumikia Wajerumani, kodi. Ukiweka ukurasa wa gavana kando ya simulizi la mzee wa Umatumbi, mwanafunzi anaona kwamba wanabishana kuhusu chanzo cha vita. Mmoja anasema watu walidanganywa, mwingine anasema watu walichoka.

Hapa mwalimu mwangalifu huongeza swali moja gumu. Wazee wale waliulizwa miaka saba baada ya Uhuru, wakati Maji Maji ilikuwa imeshakuwa hadithi ya taifa. Nyerere mwenyewe aliitaja mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956. Je, walivyosimulia viliguswa na wakati huo? Watafiti wa baadaye wamelihoji hilo kwa uzito. Kumhoji mzee si kumvunjia heshima. Ni kumpa heshima ile ile tunayompa gavana: ya kusomwa kwa makini.

Shahidi wa tatu ni mshairi. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga Utenzi wa Vita vya Maji Maji miaka michache baada ya vita, kwa Kiswahili cha pwani. Si afisa wa Kijerumani, wala si mpiganaji wa bara. Mwanafunzi atafute katika beti anawaita wapiganaji kwa majina gani, anawahurumia wapi, anawalaumu wapi. Ataona kwamba "Waafrika" wa mwaka 1905 hawakuwa upande mmoja, jambo ambalo muhtasari wa kitabu haumfikishi.

Hesabu ya vifo nayo ni chanzo. Taarifa za Wajerumani zilitaja watu 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Tofauti hii haitokani na mmoja kujua kuhesabu na mwingine kutojua. Jeshi lilichoma mashamba na maghala, njaa ikafuata, na swali likawa: aliyekufa kwa njaa mwaka 1907 ameuawa na vita au na ukame tu? Kila namba ina jibu lake kwa swali hilo. Waambie wanafunzi waandike aya mbili: moja ikieleza kwa nini serikali ingependa namba ndogo, nyingine ikieleza kwa nini namba kubwa bado inahitaji kuthibitishwa. Aya ya pili ndiyo ngumu, na ndiyo inayomkomaza.

Historia ya dola nayo si vita tu. Dola ni karatasi zilizosainiwa. Makubaliano ya Muungano yalitiwa saini tarehe 22 Aprili 1964 na Mwalimu Nyerere na Sheikh Karume, yakaanza kutumika tarehe 26. Ni mafupi mno, darasa linaweza kuyasoma kwa kipindi kimoja. Wape kazi hii: watafute humo neno Tanzania. Hawatalipata. Nchi iliyozaliwa Aprili iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, na jina la Tanzania lilikuja Oktoba mwaka ule ule. Kisha wahesabu mambo ya Muungano: 11. Wafungue Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977 kama ilivyo sasa: 22. Mjadala mzima wa Muungano unaosikika redioni na bungeni umekaa ndani ya nafasi hiyo, kati ya 11 na 22, na kijana aliyeziona orodha zote mbili anaweza kuufuata bila kuwa shabiki wa upande wowote.

Ile picha maarufu ya Mwalimu akichanganya udongo wa pande mbili nayo isomwe kama barua inavyosomwa. Nani amesimama kando yake, ameshika nini, kamera ilikuwa upande gani, na picha ilikusudiwa kuonwa na nani? Picha ya sherehe ya kitaifa imepangwa, na mpango wenyewe ni habari.

Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, linafaa kusomwa kwa sehemu yake ya masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Weka kando yake maamuzi ya CCM ya mwaka 1991, yanayojulikana kama Azimio la Zanzibar, yaliyolegeza masharti hayo. Hakuna haja ya mwalimu kutoa hotuba. Wanafunzi wataanza wenyewe, na kazi ya mwalimu itakuwa kuwarudisha kwenye maandishi kila wanapoanza kuzungumzia mambo ya jirani.

Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yanahitaji uangalifu wa pekee. Ndani ya darasa moja, Unguja au Dar es Salaam, anaweza kuwepo mjukuu wa aliyeshangilia na mjukuu wa aliyekimbia. Kuyaruka si jibu, maana nyumbani wanasimuliwa. Ninaona ni salama zaidi kuwa na vyanzo kadhaa vya pande tofauti kuliko kuwa na kimoja, na mwalimu aweke sharti kwamba darasani tunazungumzia karatasi iliyo mbele yetu, wala hatuzungumzii ukoo wa mtu.

Vyanzo vingine haviko Dar es Salaam wala London, viko nyumbani kwa mwanafunzi. Risiti ya kodi ya kichwa ya babu, kadi ya TANU, daftari la mauzo ya kahawa au pamba la chama cha ushirika, kitabu cha kumbukumbu za shule chenye maandishi ya walimu wakuu wa zamani, mihtasari ya mikutano ya kijiji. Na wazee wenyewe. Kizazi kinachokumbuka Operesheni Vijiji bado kipo, ila kinapungua. Tarehe 6 Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na katika miaka michache iliyofuata mamilioni ya watu walihamishwa. Makazi hayo mapya, nyaraka za serikali zinayaita vijiji vya maendeleo. Mama mzee kijijini anaweza kukuambia tu "tulipohamishwa".

Kumtuma mwanafunzi kwa mzee kuna adabu zake, na hizo ndizo zinazofanya simulizi liwe chanzo badala ya porojo. Aende na mtu wa familia inayojulikana pale, aamkie, aeleze amekuja kwa kazi gani, aombe ruhusa ya kuandika jina au kutoliandika. Asianze na "Bibi, ujamaa ulikuwa mzuri au mbaya?", maana swali hilo linaomba maoni na litajibiwa kwa tahadhari. Aanze na vitu: nyumba ya zamani ilikuwa wapi, mlibeba nini siku ile, nani alikuja kuwaambia, mlilala wapi usiku wa kwanza, mwembe nani alibaki nao. Kumbukumbu ya mwili na ya vitu hudumu, na hapo hapo maoni yatajitokeza yenyewe. Kama bibi hakumbuki mwaka, amuulize ni mtoto yupi alikuwa mgongoni. Umri wa mjomba utatoa tarehe. Aandike maneno ya bibi kama alivyosema, bila kuyasafisha yawe Kiswahili cha kitabu. Na nakala moja irudi kwa bibi, isomwe mbele yake.

Darasani masimulizi yatagongana. Mzee mmoja atasifu shule, zahanati na maji ya bomba. Mwingine atakumbuka nyumba kubomolewa na shamba la mikorosho kuachwa umbali wa nusu siku. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, na mara nyingi walitoka sehemu tofauti za kijiji kimoja. Chora ramani ya kijiji ubaoni, weka kila simulizi mahali pake, na mgongano utaanza kueleweka.

Walimu wenzangu watauliza: darasa lina wanafunzi 80, mashine ya kunakili haipo, na mtihani wa Baraza unakuja. Ni hoja za kweli. Kwa idadi, mistari kumi ubaoni inatosha. Chanzo kirefu humchosha mwalimu kuliko mwanafunzi. Kwa muda, usijaribu kila mada. Vyanzo vitatu vilivyosomwa vizuri kwa muhula vinazidi kumi na viwili vilivyopitiwa haraka, na mada nyingine zifundishwe kwa maelezo ya kawaida bila kuona haya. Kuhusu mtihani, mwanafunzi aliyezoea kutoa sababu na ushahidi huandika insha yenye mifano hai, na mtahini anaiona.

Upimaji wa ndani ndio uko mikononi mwa mwalimu kabisa. Weka mistari mitano ya chanzo ambacho hawajakiona, uliza nani anazungumza, anataka nini, na mstari gani umekuonyesha hivyo. Kisha sahihisha kwa kuangalia mstari aliouonyesha. Mwanafunzi akiandika kwamba Machemba alikuwa bado anatafuta amani na akanukuu maneno ya urafiki, mpe alama zake. Mwingine akiandika kwamba alikuwa ameshaamua vita na akanukuu ile sentensi ya mwisho, mpe naye. Anayeandika kwamba alikuwa shujaa na asinukuu chochote, mrudishie karatasi pamoja na barua, asome tena.